Kupigwa danadana: nani hasa anampa nini anayeishi na VVU Dodoma

Ukihudhuria kikao cha Konga, iwe Kongwa, iwe Bahi, haitapita muda mrefu kabla mtu hajanyanyua mkono na kuuliza: "Mbona wenzetu wa zamani walikuwa wanapewa unga na mafuta, sisi tunapewa vidonge tu?" Konga ni ule mtandao wa vikundi vya watu wanaoishi na VVU, WAVIU kama tulivyozoea kuwaita, ulio wilayani chini ya baraza lao la taifa, NACOPHA. Swali ni halali. Tatizo ni majibu. Kliniki wanamwambia muulizaji aende ustawi wa jamii. Ustawi wanamwambia hayo ni mambo ya TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini. Wa TASAF anamwambia aonane na mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti anamrudisha kliniki, "si ndiko waliko wataalamu?" Mtu katoka Mlowa au Mundemu alfajiri, sasa jua liko utosini, na mkononi hana jibu wala nauli ya kurudia.

Si kwamba kuna anayedanganya. Kila mmoja amesema kweli kuhusu dawati lake. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba mambo matatu yasiyofanana yamechanganywa hadi yanaonekana kitu kimoja. Kuna unachopewa kwa sababu una VVU, na hicho karibu chote ni tiba. Kuna unachopewa kwa sababu kaya yako ni maskini, au wewe ni mwanamke, kijana, mzee, mtumishi wa umma. Hapo VVU vyenyewe mara nyingi havikuongezei wala havikupunguzii. Halafu kuna vilivyoletwa na miradi, vikawepo kwa miaka, watu wakavizoea wakadhani ni vya Serikali, kumbe vilikuwa na tarehe ya mwisho tangu siku ya kwanza. Unga na mafuta viko kwenye kundi hili la tatu.

Tuanze na lile la kwanza, maana ndilo lililo imara kuliko yote.

Kinachotolewa kwa sababu una VVU

Dawa za kufubaza virusi, ARV, zilianza kutolewa bure na Serikali Oktoba 2004. Miaka ya mwanzo ilibidi kinga ishuke hadi kiwango fulani ndipo uanzishiwe, na wengi walishuka wakapitiliza. Tangu Oktoba 2016 utaratibu ni mwingine: ukipimwa ukakutwa na maambukizi unaanzishiwa dawa, ikiwezekana siku hiyohiyo. Na tangu 2019 watu wazima wengi wanatumia TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri.

Dawa hizo unazipata CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo. Si hospitali kubwa tu zenye CTC. Ziko hospitali ya rufaa ya mkoa, ile ambayo wenyeji bado tunaiita General. Ziko hospitali za wilaya, vituo vya afya kama Makole, na zahanati nyingi. Mvumi, hospitali ya Kanisa Anglikana kule Chamwino, inatoa dawa zilezile, nako bure.

Kinachosahaulika ni kwamba kifurushi hicho kina mambo mengi zaidi ya kopo la vidonge. Kuna kipimo cha wingi wa virusi: miezi sita baada ya kuanza dawa, kisha ukitimiza mwaka, kisha kila mwaka kama mambo yako mazuri. Kuna kuulizwa dalili za kifua kikuu kila unapohudhuria, na dawa za kukukinga nacho. Kuna septrini, dawa ya kukinga magonjwa nyemelezi, kwa wanaoihitaji. Kwa wanawake kuna uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huwaandama zaidi wenye VVU. Mama mjamzito hupatiwa huduma hizo kliniki ya wajawazito, na mtoto wake akizaliwa hupewa dawa ya maji ya kinga, halafu akifika wiki sita hutolewa matone ya damu kisiginoni yakapimwe. Vyote hivi ni haki ya mteja wa CTC. Kama hujawahi kuambiwa majibu yako ya wingi wa virusi, yaulize. Ni namba yako. Ikiwa chini ya nakala 1,000 za virusi kwa mililita ya damu, virusi vimefubaa. Ikiwa chini ya 50 huhesabiwa kwamba havionekani, na mtu ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Jambo hili limethibitika kisayansi, na bado kuna ndoa zinavunjika kwa kutolijua.

Asubuhi ya kliniki inafanana karibu kila mahali. Benchi linajaa mapema. Unapimwa uzito, wanakuzungushia utepe juu ya kiwiko kuona kama umekonda, faili linatafutwa, na mara nyingi anayekupokea wa kwanza si nesi bali ni WAVIU mshauri, mwenzako anayetumia dawa kama wewe, aliyefundishwa kusikiliza. Anaita kwa namba. Namba ya CTC ina tarakimu 14: za mwanzo zinaonyesha mkoa, wilaya na kituo ulikoandikishwa, sita za mwisho ni zako. Ukihamia Singida au Mwanza unaondoka nayo. Huko uendako unafika na barua ya uhamisho na kadi, huanzi upya kama mgonjwa mpya. Watu wengi hawalijui hili, wakifika ugenini wanapima tena kimyakimya na kuandikishwa mara ya pili, huku kituo cha nyumbani kinawahesabu watoro na kuwapigia simu.

Yule ambaye virusi vyake vimefubaa na hana shida nyingine huitwa mteja imara, na hapo ndipo mambo yanalegezwa: anapewa dawa za miezi mitatu, hata sita, kwa mkupuo. Kwa mkoa wetu hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Watu wa Kongwa na Chemba wanaovuka kwenda Kiteto kulima na kufanya vibarua hukaa huko msimu mzima. Mwambie nesi mapema kwamba unasafiri, uongezewe. Na ukikwama ugenini bila dawa, CTC yoyote inaweza kukupa za muda mfupi ukionyesha kadi.

Kuhusu kopo lenyewe: wengine hulijaza pamba lisiite ndani ya mkoba, wengine huhamishia vidonge kwenye chupa ya vitamini. Nisingemcheka anayefanya hivyo. Ila ukihamisha, hakikisha chombo kinafunga vizuri na hakikai juani wala kwenye unyevu.

Njaa, vidonge na kile kinachosemwa vijiweni

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Januari na Februari, uwele na mtama vikiwa bado shambani, ndipo ghala huwa tupu. Ndiyo miezi ambayo kauli ya "dawa hizi zinataka chakula" inawaweka watu pabaya, kwa sababu asiye na ugali leo anaamua kuruka dozi hadi kesho.

TLD inaweza kumezwa ukiwa umekula au hujala. Kuruka dozi kwa kukosa chakula ni kuwapa virusi nafasi. Jambo la kuangalia ni lingine, tena linawahusu hasa wajawazito: vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, pamoja na vya kalisiamu, huizuia dolutegraviri isifyonzwe vizuri vikimezwa pamoja nayo tumbo likiwa tupu. Ama unavimeza vyote pamoja na chakula, au unameza TLD saa mbili kabla ya hivyo vingine, au saa sita baada yake. Mama anayechukua aina zote mbili kliniki moja, asubuhi moja, ana haki ya kuelezwa hili kabla hajatoka mlangoni.

Chakula kinachotolewa CTC kipo, lakini ni tiba. Ukipimwa ule mkono ukaonekana una utapiamlo mkali, unastahili chakula dawa hadi upate nafuu, kama kituo kinacho. Hakikusudiwi kulisha kaya. Unga wa zamani ulikuwa wa miradi ya huduma za wagonjwa nyumbani na mashirika ya dini, enzi ambazo wagonjwa wengi walikuwa kitandani, hawawezi kushika jembe. Dawa zilipoenea na watu wakainuka, wafadhili wakaona kazi hiyo imekwisha. Kwamba njaa ya Dodoma haina uhusiano na kuinuka au kutoinuka kwa mtu, hilo halikuwa kwenye andiko la mradi.

Bure inaishia wapi

Hapa ndipo lawama nyingi huzaliwa. Kinachohusu VVU ni bure. Lakini mwenye VVU naye huugua malaria, huvunjika mguu, hupata presha na kisukari, tena kadiri umri unavyosogea ndivyo hayo yanavyozidi. Akienda dirishani kwa hayo, anaambiwa alipie kama wengine.

Sera ya uchangiaji wa huduma za afya inatoa msamaha kwa makundi kadhaa: watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wasiojiweza, na wenye magonjwa sugu, VVU na kifua kikuu vikiwemo. Kwenye karatasi ni msamaha mpana. Dirishani unakuwa mwembamba, kwa sababu dawa inayosamehewa lazima iwepo kwanza. Isipokuwepo unaandikiwa ukanunue duka la nje, na duka la nje halina habari ya msamaha. Anayeamua nani hana uwezo wa kulipa ni afisa ustawi wa jamii. Kwa hiyo ukikwama na bili wodini, mtu wa kumtafuta ni yeye, si daktari, si mhasibu, na umtafute kabla ya siku ya kuruhusiwa. Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayoeleza hali yako humrahisishia kazi.

Njia nyingine ni bima. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, iliyoanza 2018, ilikuwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita. Kisha ikaja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, inayotaka kila mkazi awe na bima na inayoweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Kwa mwenye VVU maana yake ni moja: kadi ya CTC si kadi ya bima. Inakulinda kwa ugonjwa mmoja. Familia inayoacha kukata bima kwa sababu "baba anatibiwa bure" hugundua kosa hilo siku mtoto anapohitaji upasuaji.

Waratibu wawili, na tume isiyogawa dawa

Ramani ya ofisi inachanganya hata wanaofanya kazi humo. Wizara ya Afya hutunga miongozo ya matibabu. Bohari ya Dawa huhifadhi na kusambaza. Lakini zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ni mali ya halmashauri, zilizo chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, wakati hospitali ya rufaa ya mkoa na ile ya Benjamin Mkapa ziko chini ya Wizara ya Afya yenyewe. Ndiyo maana malalamiko kuhusu nesi wa zahanati ya kijijini hayaendi wizarani Mtumba, kwenye mji wa Serikali, hata kama jengo lake unaliona ukipita na daladala. Yanakwenda kwa Mganga Mkuu wa wilaya.

TACAIDS, Tume ya Kudhibiti UKIMWI iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, iko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kazi yake ni kuratibu: sera, mikakati, takwimu, fedha. Haigawi dawa wala haitoi posho kwa mtu mmojammoja. Ofisi zake zipo hapa Dodoma, basi kuna watu wanaofunga safari kwenda kuomba msaada binafsi kwa sababu tu ni karibu.

Halmashauri nayo ina waratibu wawili wa UKIMWI. Mmoja yuko idara ya afya, chini ya Mganga Mkuu, anashughulika na CTC, dawa, vipimo na watumishi wa kliniki. Mwingine yuko upande wa maendeleo ya jamii, anashughulika na elimu, vikundi, unyanyapaa na Konga. Ukiwa na shida ya kubadilishiwa dawa ukaenda kwa wa pili, atakusikiliza kwa heshima zote na hatakuwa na la kufanya. Ukiwa na kikundi kinachotaka kusajiliwa ukaenda kwa wa kwanza, vivyo hivyo. Nusu ya danadana zote za mkoa huu zingekwisha kama picha za waratibu hawa wawili zingebandikwa ukutani kila CTC, kila mmoja na kazi yake chini.

TASAF na ile asilimia kumi

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF haumtafuti mwenye VVU. Unatafuta kaya maskini. Kijiji kinakaa mkutano, kaya zinatajwa hadharani, kisha dodoso linapita nyumba kwa nyumba: mnaishi kwenye tembe au nyumba ya bati, mna mifugo mingapi, wategemezi wangapi, watoto wanasoma? Matokeo yanachakatwa na orodha inarudishwa kijijini ithibitishwe. Waliopita hupokea ruzuku, sehemu yake ikiwa na masharti ya watoto kuhudhuria shule na kliniki, na wenye nguvu hupewa ajira za muda.

Nimesikia habari za mama aliyesimama kwenye mkutano wa namna hiyo akataja hali yake mbele ya kijiji kizima, akiamini ndiyo tiketi. Hakupata. Kaya yake ilikuwa na ng'ombe wa mkwewe, na dodoso liliona ng'ombe. Alichobaki nacho ni kwamba sasa kila mtu anajua. Basi nitasema wazi ambalo maofisa huzunguka: usitoe siri yako mahali ambapo haikununulii kitu. Mbele ya TASAF, umaskini ndio unaopimwa. Kama ugonjwa umepunguza nguvu kazi ya nyumba, sema hivyo hivyo, kwamba mtu mzima mmoja hawezi kazi nzito. Haina haja ya kutaja ugonjwa wenyewe.

Mikopo ya halmashauri iko vilevile. Sheria inataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hakuna asilimia ya WAVIU. Kuwa na VVU peke yake hakukufanyi mtu mwenye ulemavu kisheria. Kikundi cha Konga chenye kina mama kinaomba kama kikundi cha wanawake, kinasajiliwa kama vikundi vingine, kinaandika mradi wake wa alizeti au ufugaji wa kuku, na hakilazimiki kuandika popote kwamba wanachama wana VVU. Mikopo haina riba lakini inarudishwa. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine ni hewa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Jiji la Dodoma likawa kati ya halmashauri 10 za kujaribu kupitisha mikopo hiyo benki. Kwa vikundi vilivyozoea kumalizana na afisa maendeleo ya jamii, benki imeleta karatasi nyingi zaidi, na pia imepunguza "tutawaita".

Mtumishi wa Mtumba na mkulima wa Chilonwa

Kuna kundi moja ambalo Serikali inalisaidia waziwazi kwa sababu ya VVU, nje ya tiba. Ni watumishi wake. Waraka wa Utumishi Na. 2 wa mwaka 2006, na baadaye mwongozo wa mwaka 2014 wa kudhibiti VVU, UKIMWI na magonjwa sugu yasiyoambukizwa mahali pa kazi katika utumishi wa umma, unamtaka mwajiri atenge fedha za kuwahudumia watumishi waliojitokeza kueleza hali zao, lishe ikiwemo. Tangu wizara zihamie Dodoma, maana yake ni maelfu ya watu walio ndani ya uwezekano huo, kuanzia dereva hadi mkurugenzi.

Masharti ni kujitokeza, na hilo ndilo jiwe. Ofisi ya watu 40 ina kuta nyembamba. Kuna wanaoona heri kununua maziwa kwa mshahara wao kuliko jina lao kupita kwenye meza tatu za malipo. Lakini haki ipo, na anayeitaka huanza kwa afisa utumishi au mratibu wa UKIMWI wa taasisi, kwa siri, tena kwa maandishi.

Linganisha na mkulima wa Chilonwa mwenye virusi vilevile. Yeye hana mwajiri, hivyo hana fungu la lishe. Sioni hoja ya kitabibu inayoeleza tofauti hiyo. Ya kibajeti ipo: mtumishi ana kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti, mkulima hana.

Nauli, siri na kliniki ya mbali

Nauli haimo kwenye huduma yoyote ya umma kwa mteja wa CTC. Ilikuwemo kwenye baadhi ya miradi. Na inauma zaidi kwa sababu wengi hawatumii kituo cha karibu. Mtu wa Kibaigwa anachukulia dawa Dodoma mjini, wa mjini anachukulia Kongwa, kila mmoja akikimbia macho ya jirani. Ni uamuzi wao na hakuna anayepaswa kuwalazimisha. Lakini kabla ya kubeba gharama hiyo mwaka hata mwaka, inafaa kujua kwamba Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inamfunga mtoa huduma kutunza siri ya majibu na hali yako, na inakataza unyanyapaa na ubaguzi. Mwajiri haruhusiwi kukulazimisha upime, na sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataja hali ya VVU kati ya mambo ambayo mfanyakazi habaguliwi kwayo. Ukiwa mteja imara wa miezi sita, kituo cha mbali ni safari mbili kwa mwaka. Kwa wa kila mwezi ni 12.

Fedha zilizokatika

Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Miradi ikaamriwa kusimama, baadaye huduma za kuokoa maisha zikaruhusiwa kuendelea, lakini mikataba mingi ilivunjwa, na Julai 1 mwaka huohuo shirika la USAID likafungwa rasmi. Kwa Tanzania hilo halikuwa dogo. Kwa zaidi ya miaka 20 mapambano dhidi ya VVU yamebebwa kwa sehemu kubwa na fedha za nje, hasa mfuko wa Marekani wa PEPFAR ulioanza 2003 na Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria.

Lakini fedha hizo hazikuwa zikilipia kitu kimoja. Dawa nyingi zilinunuliwa kwa fedha za Mfuko wa Dunia na kusambazwa na Bohari ya Dawa. Fedha za Marekani zililipia zaidi uendeshaji: waingiza takwimu, posho za WAVIU washauri, wafuatiliaji wa watoro, klabu za vijana za Jumamosi, usafirishaji wa sampuli. Ndiyo maana dawa kituoni zinaweza kuwepo na bado kliniki ikaonekana kama imepungukiwa na kitu. Nesi ni wa Serikali, yupo. Yule aliyekuwa anaita namba na kukufuata nyumbani ukikosa tarehe, huyo alikuwa wa mradi.

Serikali ilikuwa imeanzisha Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI kwa sheria mwaka 2015, ili nchi iwe na fungu lake. Kwa miaka mingi ulikuwa mdogo ukilinganisha na mahitaji. Katika hotuba ya bajeti ya Juni 2025 Waziri wa Fedha alipendekeza tozo kwenye bidhaa na huduma kadhaa, mafuta ya magari na tiketi za treni na ndege zikiwemo, sehemu kubwa iende kwenye mfuko huo na nyingine kwenye bima ya afya kwa wote. Yaani abiria wa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kuja Dodoma anawekwa kwenye mnyororo wa kulipia ARV. Binafsi naona ni afadhali mara kumi kuliko kusubiri amri isainiwe Washington. Mtihani utakuwa ni kama fedha hizo zitanunua dawa pekee, au zitamlipa pia yule mshauri wa benchi.

Mahali ambapo unga na nauli vingeweza kuandikwa

Halmashauri ina fedha zake za ndani, na ina Kamati ya Kudhibiti UKIMWI ambayo mwenyekiti wake ni makamu mwenyekiti wa halmashauri, au naibu meya kwa jiji. Ndani ya kamati hiyo kuna viti vya wawakilishi wa WAVIU. Chini yake kuna kamati za kata na za vijiji au mitaa, nyingine hai, nyingine ni majina kwenye faili. Huko ndiko pekee ambako madai ya nauli kwa wagonjwa wa mbali, posho ya WAVIU washauri, au chakula cha miezi ya njaa yanaweza kugeuka kuwa kasma ya bajeti badala ya ombi kwa mfadhili.

Mwakilishi wa Konga anayeingia kikaoni na maneno ya jumla, "tunaomba tukumbukwe", ataandikwa kwenye muhtasari na kusahaulika. Anayeingia na karatasi yenye idadi ya washauri walioondoka kila kituo, posho inayohitajika kwa mwezi na jumla yake kwa mwaka, anampa mweka hazina kitu cha kukataa au kukubali. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini vijiji na kata huanza kupeleka mapendekezo miezi mingi kabla, na halmashauri hujadili makisio mwanzoni mwa mwaka. Hoja inayofika Aprili, wakati bajeti imeshatoka mikononi mwa madiwani, inasubiri mwaka mwingine mzima.